Resi Imegoma Kushuka: Tafuta Hewa Kabla Hujaagiza Sensa

Gari limesimama, gia iko P, mguu hauko kwenye pedeli, na bado mshale wa RPM umeganda kwenye 1,500. Ukiingiza D linaruka mbele, unalizuia kwa breki mpaka pedi zinanuka. Taa ya njano ya injini inawaka kwenye dashibodi. Kinachofuata kwa wengi wetu hapa Tabora ni kile kile: gari linapimwa kwa mashine, kodi (namba ya kosa) inatoka, sensa inaagizwa Dar es Salaam, inakuja na basi, inafungwa, na mshale unarudi pale pale 1,500.

Mashine haikudanganya. Kodi inamtaja aliyelalamika, na aliyemkosea anaweza kuwa mpira wa bei ya chai na chapati upande wa pili wa injini.

Shika hili kwanza: kwenye injini ya petroli ya EFI, yaani inayopulizia petroli kwa umeme badala ya kabureta, resi ni hewa. Kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, huongeza petroli kulingana na hewa iliyopimwa, kwa hiyo injini haiwezi kupaa bila hewa kupata pa kuingilia. Njia ziko tatu tu. Kuna mlango, yaani kile kisahani ndani ya throto, koo la kuingizia hewa, kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Kuna dirisha, yaani valvu ndogo ya sailensi (injini kunguruma bila kukanyaga mafuta) iliyo chini au ubavuni mwa throto, ambayo kontrol boksi huifungua na kuifunga ili injini isizime ukitoa mguu. Na kuna ufa: chochote kilichopasuka, kulegea au kuchomoka baada ya throto. Magari ya throto ya umeme, yasiyo na keboli ya mafuta, mengi hayana dirisha. Kontrol boksi huuacha mlango wenyewe wazi kidogo.

Kazi yote ya kutafuta ubovu ni kujua hewa inapita wapi kati ya hapo, na kama kontrol boksi ndiyo iliyoiita au imejiingilia yenyewe.

Kwanza, iko juu kweli?

Toyota ndogo tunazoendesha huku, kina IST, Probox, Spacio na Corolla 110, injini ikishapata moto na AC ikiwa imezimwa hukaa kati ya 650 na 800 kwenye P au N. Asubuhi ya baridi 1,200 mpaka 1,500 si ugonjwa, mradi mshale ushuke taratibu kadiri maji yanavyopata moto. Ukiwasha AC ikapanda kwa 100 au 200, hiyo ni kontrol boksi inaibebea kompresa mzigo. Tatizo ni pale injini ina moto, umezima kila kitu, umengoja dakika kumi, na bado iko 1,100 au zaidi.

Angalia pia tabia yake. Resi iliyotulia juu ni habari moja. Inayopanda mpaka 1,800, kudondoka 1,000 na kupanda tena kama mtu anayepumua ni nyingine. Hiyo ya pili watu wengi huisingizia pampu ya mafuta. Kinachotokea ni hiki: hewa imezidi sana, resi inapita kiwango ambacho kontrol boksi, ikiona throto imefungwa, inaamini unateremka mlima na kukata petroli. Resi inadondoka, petroli inarudishwa, inapaa tena. Ukiona mchezo huo tafuta ufa mkubwa au dirisha lililokwama wazi, pampu iache ilivyo.

Kuisoma kodi

Kodi ina herufi na tarakimu nne. P ni mambo ya injini na gia. 0 inayofuata maana yake kodi ni ya wote, 1 mara nyingi ni ya mtengenezaji mwenyewe. Tarakimu ya pili ndiyo inayokuonyesha mtaa: 1 na 2 ni hewa na petroli, 3 ni moto wa plagi, 4 ni moshi, 5 ni sailensi na mwendo, 7 ni gia.

Kwa resi ya juu utakutana na chache zinazojirudia. P0505 ni mfumo wa sailensi kwa jumla. P0507 ni resi kuwa juu kuliko iliyokusudiwa. Inakueleza kile ambacho mshale ulishakueleza, haina zaidi. P0171 ni mchanganyiko kuwa na petroli chache kwa hewa iliyopo. P0117 na P0118 ni waya wa sensa ya joto la maji, na P0120 mpaka P0123 ni sensa ya throto.

Kidude cha kuchomeka kinachoongea na simu kinatosha kwa magari mengi, ila Toyota nyingi zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, hasa za zamani, hazikubali kuongea nacho hata kama soketi ya pini 16 ipo chini ya usukani. Hapo taa yenyewe husoma. Zima injini, chukua kipande cha waya, unganisha pini namba 13 na namba 4 za soketi hiyo, kisha washa swichi mpaka ON bila kuwasha injini. Kwenye zile zenye kiboksi cha plastiki ndani ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSTIC, unganisha TE1 na E1. Taa ikipepesa mfululizo bila kusita, hakuna kodi. Ikipepesa mara mbili, ikasita, ikapepesa mara mbili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. 24 ni sensa ya joto la hewa, 31 ni kipimo cha hewa inayoingia, 41 ni sensa ya throto. Hesabu pini mara mbili kabla ya kugusa: namba 16 ina umeme wa betri muda wote, na ukiikutanisha na bodi umeunguza fyuzi.

Andika kodi kwenye karatasi kabla mtu hajaifuta. Fundi anayefuta kwanza na kuuliza baadaye amekutupia ushahidi.

Thamostati iliyotupwa

Anza na maji kwa sababu ni bure. Kontrol boksi inaamua resi ya asubuhi kwa kusoma joto la maji, na ikiambiwa maji ni ya baridi itaendelea kufungua dirisha hata saa saba mchana. Mambo matatu huleta uongo huo.

La kwanza ni rejeta yenye maji pungufu. Sensa ikibaki kwenye hewa badala ya maji, inasoma visivyo. Jaza injini ikiwa ya baridi, ikinguruma mfuniko ukiwa wazi, mpaka mapovu yaishe.

La pili ni sensa au waya wake. Chomoa soketi ya sensa ukiwa na vipimo mbele yako: simu inapaswa kuonyesha nyuzi 40 chini ya sifuri. Unganisha nyaya mbili za soketi kwa kipande cha waya: iruke mpaka kama 140. Ikifanya hivyo, nyaya na kontrol boksi ni wazima na sensa ndiyo ya kupima. Sensa za Toyota kwenye nyuzi 20 husoma kilo-omu 2 mpaka 3, kwenye nyuzi 80 omu 200 mpaka 400. Gari linalolala karibu na ziwa, Kibirizi au Bangwe kule Kigoma, fungua soketi uangalie kutu ya kijani kabla hujalaumu sensa.

La tatu ndilo linalotuumiza zaidi, na tumelitengeneza wenyewe. Gari likichemsha mara moja, thamostati, ile valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, inang'olewa na kutupwa, na mteja anaambiwa "sasa maji yatazunguka vizuri." Yanazunguka vizuri kweli, kiasi kwamba ukiendesha asubuhi ya Julai hapa Tabora maji hayafiki nyuzi 80. Injini inajiona ya baridi safari nzima, inakula petroli ya ziada, na sailensi inabaki 1,000 na kitu. Kodi inaweza isitoke kabisa, au ikatoka P0128, yaani maji hayafiki joto lake.

Rudisha thamostati, lakini ipime kwanza. Itumbukize kwenye sufuria ya maji ikining'inia kwa uzi, isiguse chini, pamoja na kipimajoto. Ya nyuzi 82 ianze kufunguka kwenye 80 mpaka 84, na maji yakikaribia kuchemka iwe imefunguka milimita nane au zaidi. Tabora maji huchemka kwenye nyuzi kama 96, kwa sababu tuko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usingoje 100. Unapoifunga, kile kitundu kidogo chenye kijipini kikae juu ili hewa itoke.

Vumbi, na ile skrubu

Huku kwetu resi ya juu mara nyingi ni mtoto wa resi ya chini. Vumbi la kiangazi la Sikonge na Ulyankulu linapita kwenye ea klina iliyochoka au ambayo klipu zake hazibani, linakutana na mvuke wa oili unaotoka kwenye mpira wa PCV (unaorudisha mvuke wa injini ukachomwe), na vyote viwili vinakuwa lami nyeusi ukingoni mwa kisahani cha throto na ndani ya dirisha. Hewa inapungua, gari linaanza kuzima ukitoa mguu. Fundi mwenye haraka anachukua bisibisi na kuizungusha skrubu inayozuia kisahani, ile iliyofungwa na nati na mara nyingi kupakwa rangi kiwandani. Kisahani kinabaki wazi kidogo, gari halizimi, mteja anashukuru.

Miezi inapita. Mtu mwingine anasafisha throto, lami inaondoka, kisahani bado kimeshikiliwa wazi na ile skrubu, na resi inapanda mpaka 1,400. Sasa msafishaji ndiye anayelaumiwa, na sensa ya throto inabadilishwa kwa sababu kodi 41 au P0121 imejitokeza.

Kwa hiyo, kabla ya yote, angalia rangi ya skrubu hiyo. Kama imechubuliwa au nati ina alama za koleo, imeguswa. Kuirudisha: legeza keboli ya mafuta kwanza ili isivute, rudisha skrubu nyuma mpaka kisahani kifunge chenyewe, kisha iingize taratibu mpaka iguse tu, halafu robo mzunguko, ili kisahani kisikwame kwenye kuta kikipata moto. Kaza nati. Keboli irudi na ulegevu kidogo, milimita mbili tatu ukiibonyeza kwa kidole. Sensa ya throto ya keboli, mguu ukiwa nje, itoe kati ya volti 0.3 na 1. Ukikanyaga mpaka mwisho ipande laini bila kuruka mpaka zaidi ya 3.2.

Mteja naye ana haki ya kusema, "Fundi, shikamoo, safisha chochote, ila skrubu ile usiiguse." Si kumkosea adabu.

Kuupata ufa kwa koleo na kitambaa

Hapa ndipo penye utamu wa kazi. Injini iwe ya moto, inanguruma. Chukua koleo, viringishia kitambaa kwenye meno yake, na bana mipira inayotoka kwenye manifoldi (mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda) mmoja mmoja, sekunde tatu tatu, huku unasikiliza. Mpira wa bustari ya breki ukibanwa na resi ikashuka ghafla, bustari inavuja ndani. Pedeli ya breki huwa ngumu pia. Mpira wa PCV ukibanwa, resi kushuka kidogo ni kawaida. Ikishuka kwa mamia, valvu imekwama wazi. Ing'oe uitikise: nzima inalia kama njugu. Vimipira vyembamba vya vakyumu usivibane kwa nguvu kama vimekuwa vigumu, vitavunjika mkononi. Vichomoe na uzibe tundu kwa kidole. Panya nao wanapenda kulala juu ya injini ya moto, basi tazama na upande usioonekana, chini ya manifoldi, kwa tochi.

Kwa gasketi za manifoldi na oringi za nozeli, nyunyiza maji yenye sabuni kwa chupa ya dawa ya maua. Palipo na ufa, maji yananyonywa na mlio wa injini unabadilika kwa muda mfupi. Spreyi ya kusafishia kabureta inaonyesha upesi zaidi, lakini ikidondokea ekzosi ya moto au plagi waya iliyochubuka umelichoma gari moto. Maji yanatosha.

Sasa swali la dirisha. Kwenye injini zenye kipimo cha mgandamizo cha MAP, kama 5A-FE ya Corolla 110, toa bomba la ea klina, injini itaendelea kunguruma. Ndani ya throto, kabla ya kisahani, utaona tundu la hewa ya sailensi. Lizibe kwa kidole. Resi ikidondoka au injini ikazima, hewa yote ilikuwa inapita dirishani: safisha valvu, au rudi kwenye sensa ya maji inayoiamuru. Isipodondoka, hewa inapita mlangoni au kwenye ufa. Jaribio hili usilifanye kwenye injini ya 1NZ ya IST, kwa sababu kipimo chake cha hewa, MAF, kiko kwenye boksi la ea klina. Ukitoa bomba injini inazima na hujajua lolote.

Tofauti hiyo ya MAP na MAF ina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Hewa ya ufa kwenye gari la MAP inapimwa nayo, kwa kuwa mgandamizo ndani ya manifoldi unapanda; kontrol boksi inaiongezea petroli na resi inapaa vizuri kabisa, bila kodi. Kwenye gari la MAF hewa ile haikupita kwenye kipimo, petroli yake haipo, hivyo injini inatetemeka na P0171 inatoka. Ndiyo maana P0171 pamoja na resi ya juu kwenye IST ni ufa mpaka ithibitike vinginevyo. Thibitisha kwa simu: masahihisho ya petroli yakiwa jumla asilimia 20 au 25 kwenye sailensi, kisha yakashuka karibu na sifuri ukishikilia 2,500, ni ufa. Yakipanda zaidi kwenye resi kubwa, tafuta filta au pampu ya petroli, au MAF chafu. Na MAF husafishwa kwa spreyi yake tu. Kabu klina (spreyi ya kabureta) na ncha ya pamba vimeua nyingi.

Ukiwa na geji ya vakyumu, usiisome kwa vitabu vya pwani. Vinasema inchi 17 mpaka 21 za zebaki. Punguza moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Tabora 13 mpaka 17 ni afya, Kigoma kando ya ziwa, mita 770 hivi, punguza mbili na nusu. Vivyo hivyo sensa ya MAP, swichi ikiwa ON na injini haijawashwa: Tabora isome kama kilopaskali 88, Kigoma 92. Ikisoma 101 hapa mjini, inadhani iko Bagamoyo.

Kusafisha, na kuifundisha upya

Ng'oa throto nzima, usipulizie juu juu. Mipira miwili ya maji inayopita chini yake ibane kwanza. Skrubu za valvu ya sailensi ni laini na zimeganda. Tumia bisibisi ya kugongwa inayojaa kichwa, la sivyo utatoboa. Pulizia ukiwa umeielekeza ili dawa itiririke kutoka kwenye koili, isiingie. Valvu ikiwa safi huzunguka kwa kidole bila kukwama. Gasketi ya throto weka mpya. Silikoni ikinyonywa inaenda kukaa pale pale ulipotoa uchafu.

Kisha chomoa fyuzi ya EFI kwa dakika moja. Kontrol boksi ilikuwa imejifunza kuishi na uchafu, inahitaji kujifunza upya. Washa, acha ingurume dakika kumi bila AC, bila taa, bila kugusa mafuta, halafu washa AC dakika tano.

Nissan za throto ya umeme, X-Trail kwa mfano, haziridhiki na hilo. Ukisafisha tu, P0507 inakuja siku hiyo hiyo. Ipashe injini moto kamili, zima kila mzigo, usukani uwe umenyooka. Zima swichi sekunde kumi. Washa ON, hesabu sekunde tatu. Ndani ya sekunde tano kanyaga mafuta mpaka chini na kuachia mara tano. Ngoja sekunde saba. Kanyaga mpaka chini na ushikilie kama sekunde 20, mpaka taa ya injini iache kupepesa na iwake moja kwa moja. Achia ndani ya sekunde tatu, washa injini, iache sekunde 20. Saa ya mkononi ni ya lazima. Kwa kukisia utarudia mara sita. Ikigoma kabisa hata kwa saa, kuna ufa au betri dhaifu, kwa sababu haijifunzi mpaka hali zote ziwe sawa.

Kodi nyingi za mchanganyiko na sailensi haziwashi taa mpaka kosa lionekane safari mbili mfululizo. Taa kuzima pale gereji baada ya kufuta haijathibitisha kitu. Lilaze gari, liwashe asubuhi likiwa la baridi, liendeshe mpaka lipate moto, rudia kesho yake. Asubuhi ya tatu taa ikiwa bado imezima na mshale uko kwenye 700, mmalizie fundi hela yake.